Chuma Kitaanguka Wapi

Mwaka 1986 mkemia wa Kijapani aitwaye Akira Yoshino alichukua betri alizokuwa amezitengeneza katika kampuni ya Asahi Kasei akaenda nazo kwenye eneo la kujaribia vilipuzi. Hakuwa na kilipuzi. Alikuwa na swali lisilojibika kwenye meza ya maabara: betri hii ikipondwa, itafanya nini? Akaiangushia kipande kikubwa cha chuma. Betri ikapondeka, basi. Kisha akachukua betri ya aina iliyotangulia, yenye metali tupu ya lithiamu ndani yake, akarudia jaribio lilelile. Hiyo ya pili ililipuka vibaya.

Yoshino alikuwa mmoja wa watu watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019, na amesimulia kwamba kwake betri ya lithiamu-ioni ilizaliwa wakati ule. Ukifikiri vizuri, ni siku ya kuzaliwa ya ajabu. Haikuwa siku betri ilipowasha taa kwa mara ya kwanza, wala siku ilipouzwa. Ilikuwa siku ilipoangukiwa na chuma ikanyamaza.

Leo betri za ukoo huo ziko chini ya miguu ya watu na katikati ya mapaja yao: kwenye skuta za umeme, kwenye baiskeli za umeme, kwenye pikipiki za bodaboda za Kigali na Nairobi. Kabla ya chombo kama hicho kufika dukani, inatakiwa mtu fulani, mahali fulani, awe amekiangushia chuma, amekitikisa, amekioka, amekimwagia maji na amekipigisha shoti kwa makusudi. Nataka kusimulia mashine hizo za kutesa mashine zilitoka wapi. Nimeisoma historia yake nikaona jambo moja linajirudia: jaribio halikwepeki. Kila chombo hujaribiwa. Kinachobadilika ni mahali jaribio linapofanyikia, na nani analipia.

*

Kwanza tuelewe kwa nini Yoshino aliogopa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kampuni ya mafuta ya Exxon ya Marekani ilimwajiri mkemia Stanley Whittingham atafute nishati isiyotegemea mafuta. Aliunda betri yenye lithiamu tupu kwenye ncha moja. Lithiamu ni metali nyepesi kuliko zote na hutoa elektroni zake kwa urahisi, na kwa hiyo hubeba umeme mwingi katika uzito mdogo. Lakini kila betri ilipochajiwa upya, metali haikurudi mahali pake ikiwa tambarare. Iliota vinyweleo. Vinyweleo vikarefuka ndani ya betri mpaka vikagusa upande wa pili, na hapo betri ikapiga shoti tumboni mwake yenyewe. Zimamoto waliitwa kwenye maabara hiyo mara kadhaa, hata wakatishia kuidai gharama za kemikali maalumu za kuzimia moto wa lithiamu.

Somo hilo halikusikika kila mahali. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Kanada, Moli Energy, iliuza betri zenye lithiamu tupu kwa ajili ya simu za mkononi. Mwaka 1989 baadhi ziliwaka moto huko Japani mikononi mwa wateja. Betri zikarudishwa, kampuni ikaanguka. Kinyweleo kilekile kilichokuwa kimewasumbua zimamoto wa Exxon sasa kilikuwa kimehamia mfukoni mwa mtu aliyekuwa anapiga simu tu.

Yoshino alipita njia nyingine. Kwenye ncha moja aliweka oksidi ya kobalti, iliyokuwa imegunduliwa kufaa na kundi la John Goodenough mwaka 1980. Kwenye ncha ya pili, badala ya metali tupu, aliweka kaboni inayotokana na mabaki ya mafuta, ambayo huzihifadhi ioni za lithiamu kati ya matabaka yake kama barua katikati ya kurasa za kitabu. Katikati ya ncha hizo mbili kukawa na utando mwembamba wa plastiki wenye vitundu vidogo sana. Joto likizidi, plastiki inayeyuka, vitundu vinaziba, umeme unakatika. Mwaka 1991 Sony wakaanza kuziuza.

Hatari ilipungua, haikwisha. Kimiminika kilichomo ndani kinashika moto. Seli ikipata joto kupita kiasi, huanza kujipasha yenyewe: joto huzaa mmenyuko, mmenyuko huzaa joto zaidi, na seli ya kwanza huichoma ya pili. Betri ya baiskeli ya umeme si seli moja. Mara nyingi ni seli kadhaa, zaidi ya hamsini katika betri nyingi, kila moja ikiwa na unene wa milimita 18 na urefu wa 65, zimepangwa kama mayai kwenye trei na kuunganishwa kwa vipande vya nikeli. Moja mbovu inatosha.

*

Wazo la kuharibu kitu kwa makusudi ili kisiharibike kwa bahati mbaya ni la zamani kuliko lithiamu. Mwaka 1893 jiji la Chicago liliandaa Maonyesho ya Dunia na kuwasha taa za umeme kwa wingi ambao watu wa wakati huo hawakuwahi kuuona. Makampuni ya bima yaliingiwa na hofu. Majengo yale yalikuwa ya muda, yanashika moto upesi, na ndani yake zimepitishwa nyaya ambazo hakuna aliyejua zitafanya nini zikipata joto. Wakamtuma mhandisi kijana kutoka Boston, William Henry Merrill, akazikague.

Merrill aliona kwamba kukagua jengo moja baada ya jingine hakutamaliza tatizo. Waya unapaswa kuulizwa maswali kabla haujafika kwenye jengo. Mwaka 1894 alifungua maabara ndogo huko Chicago akiwa na vifaa vya dola 350, na Machi mwaka huo akatia saini ripoti yake ya kwanza ya jaribio. Maabara ile ndiyo Underwriters Laboratories, au UL kwa kifupi, ambayo alama yake ya herufi mbili ndani ya duara huenda iko nyuma ya chaja unayotumia sasa hivi. Tukumbuke fedha zilikotoka: kwa wenye bima, waliokuwa wamechoka kulipia majengo yaliyoungua. Upimaji ulianza kama hesabu ya hasara.

Baiskeli ya umeme nayo ni ya enzi hizohizo. Desemba 31, 1895, Mmarekani Ogden Bolton alipata hataza ya baiskeli yenye mota kwenye gurudumu la nyuma na betri ikining'inia katikati ya fremu. Ilibaki karatasini kwa sababu betri za wakati huo zilikuwa nzito mno kwa chombo chepesi hivyo. Kwa karibu miaka mia moja, yule wa nyaya na yule wa baiskeli hawakuwa na la kuzungumza.

*

Wapimaji wa baiskeli waliendelea na shida zao wenyewe: fremu inayokatika, breki isiyoshika, usukani unaotoka mkononi. Mashine zao ni rahisi kuzielewa. Fremu hufungwa kwenye meza ya chuma, bastola za hewa zikachukua nafasi ya miguu na kukanyaga pedali, kushoto kulia, kushoto kulia. Kwa baiskeli ya mjini, kiwango cha kimataifa ISO 4210 kinataka ikanyagwe mara 100,000 kwa nguvu ya nyutoni 1,000, sawa na uzito wa karibu kilo 100 kila mara. Fremu ikitoa ufa, imefeli. Kuna mashine ya kuangusha uzito mbele ya gurudumu, na mashine ya kuvuta breki ikiwa kavu kisha ikiwa imelowa.

Kanuni za baiskeli za Marekani zilizoanza kutumika mwaka 1976 zina jaribio ambalo halihitaji mashine. Mtu apande baiskeli kilomita zisizopungua 6.4. Apite mara tano kwenye njia ya mita 30.5 iliyopigiliwa vipande vya mbao vyenye kimo cha milimita 25, kwa mwendo usiopungua kilomita 24 kwa saa, akiwa amekaa barabara kwenye tandiko. Na mtu huyo awe na uzito usiopungua kilo 68.1.

Kilo 68.1 ni ratili 150. Mita 30.5 ni futi mia. Namba hizi zinaonekana za kisayansi kwa sababu zina nukta, kumbe ni namba za mviringo zilizovalishwa nguo za kimetriki. Kuna chumba fulani ambako watu walikaa wakakubaliana kwamba futi mia zinatosha, kwamba mwendesha baiskeli wa kawaida anaweza kuwakilishwa na ratili mia na hamsini, na kwamba amekaa peke yake.

Ukiisoma hati ya majaribio ya betri ya Umoja wa Mataifa, ile ambayo kila betri ya lithiamu lazima iipite kabla ya kusafirishwa kwa ndege au meli, utakutana na hadithi ileile. Ina majaribio manane. La kwanza linaiweka betri kwenye chumba kilichopunguzwa hewa kwa saa sita, kama vile iko ndani ya ndege juu mawinguni. La pili linaipeleka kwenye nyuzi 72 kisha nyuzi 40 chini ya sifuri, huku na kule mara kumi. La tatu ni meza ya mtetemo: saa tatu kwa kila upande kati ya pande tatu. Yanafuata mshtuko, kisha shoti ya nje ikiwa betri imepashwa hadi nyuzi 57. La sita ndilo linalonivutia. Seli ya mviringo inalazwa, inawekewa fimbo ya chuma yenye unene wa milimita 15.8 juu ya tumbo lake, kisha uzito wa kilo 9.1 unaangushwa kutoka sentimita 61. Halafu wanasubiri saa sita. Isiwake, isipasuke, joto lake lisizidi nyuzi 170.

Kilo 9.1 ni ratili ishirini. Sentimita 61 ni futi mbili. Kipande cha chuma kilichoangushwa Japani na hiki kinachoangushwa kwa kanuni ni ndugu. Tofauti ni kwamba hiki cha pili kimepimwa, kimeandikwa, na kinaangushwa vilevile katika nchi yoyote itakayofuata hati. Maana ya kiwango ni hiyo tu: ajali moja iliyoandikwa vizuri kiasi kwamba mtu mwingine anaweza kuirudia.

*

Mwishoni mwa 2015 watoto wengi wa Marekani na Uingereza walipewa zawadi ya Krismasi ya aina moja: ubao wa magurudumu mawili unaojisawazisha wenyewe, uliouzwa kwa jina la hovabodi. Viwanda vingi vilikuwa Uchina, vikinakiliana kwa kasi. Kulikuwa na kanuni za seli, kulikuwa na kanuni za chaja. Hapakuwa na kanuni ya ubao mzima. Seli ilipita mtihani wake, chaja ikapita wake, na hakuna aliyeuliza kitatokea nini vikikutana ndani ya plastiki iliyobana, chini ya miguu ya mtoto anayegonga kuta.

Tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilihesabu matukio 52 ya moto katika majimbo 24 kati ya Desemba 1, 2015 na Februari 17, 2016. Nyumba mbili ziliteketea na gari moja. Uingereza, wakaguzi waliosimama bandarini na kwenye viwanja vya ndege walikagua zaidi ya hovabodi 17,000 na kuziona zaidi ya 15,000 kati yake si salama. Kasoro mojawapo ilikuwa ndogo mno: plagi haikuwa na fyuzi. Ni plagi ya pini tatu, ileile tunayoitumia Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, ambayo ukiifungua unapaswa kukuta kijiti cha fyuzi ndani. Mtu alikuwa ameokoa senti chache.

UL wakaandika kanuni mpya, namba 2272, kwa ajili ya chombo kizima. Kichajiwe kupita kiasi. Kipigishwe shoti. Mota ishikwe isizunguke huku umeme ukiendelea kuingia. Kiangushwe, kipondwe, kitikiswe, kimwagiwe maji. Hata karatasi ya onyo iliyobandikwa isuguliwe ionekane kama inabanduka. Februari 18, 2016 tume ikawaambia watengenezaji na waagizaji wote waifuate, na Julai mwaka huo hovabodi zaidi ya 500,000 zikarudishwa kwa mpigo mmoja. Lakini zilizokwisha kuingia majumbani ni ngumu kuzirudisha zote. Machi 2017, huko Harrisburg katika jimbo la Pennsylvania, moto uliotokana na hovabodi iliyokuwa inachajiwa uliua watoto wawili. Kanuni ilikuwa na mwaka mmoja tayari.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya skuta za kukodi. Kampuni zilimwaga skuta mijini kuanzia 2017, na kwa mteja ilikuwa rahisi: fungua programu kwenye simu, lipia, panda. Skuta nyingi za mwanzo zilibuniwa kwa ajili ya mtu mmoja anayeitunza skuta yake. Sasa zilikuwa zinapandwa na wageni mfululizo kutwa nzima, zinarukishwa kingo za barabara, zinalala mvuani. Novemba 2018 kampuni ya Lime ilitangaza kuziondoa mitaani skuta za aina moja, kwa sababu ubao wa kusimamia ungeweza kukatika. Jaribio la uchovu wa chuma lilikuwa limefanyika, ila lilifanyika barabarani, na waliokuwa juu ya mashine ya majaribio walikuwa wamelipia kupanda.

*

Jiji lililolipa zaidi ni New York, na waliolipa zaidi ndani yake ni watu waliokuwa wanawapelekea wengine chakula.

Baiskeli za umeme zilikuwa zimeenea miongoni mwa wapelekaji chakula wa New York muda mrefu kabla sheria haijazikubali. Wengi ni wahamiaji kutoka Uchina, Mexico, Guatemala, Bangladesh, Afrika Magharibi. Kwa miaka kadhaa polisi walizikamata baiskeli hizo na kutoza faini ya dola 500. Mwaka 2020 jimbo likazihalalisha, na mwaka huohuo ugonjwa wa UVIKO-19 ukalifungia jiji zima ndani likitegemea watu hao kwa kula. Kwa makadirio ya jiji, wapelekaji wanaofanya kazi kupitia programu za simu ni zaidi ya 60,000.

Hebu tumfikirie mpelekaji mmoja dhidi ya yule mtu wa kitabuni wa kilo 68.1. Anaendesha mchana kutwa na jioni, juu ya mashimo, kwenye theluji yenye chumvi. Betri moja haimtoshi siku nzima, kwa hiyo anazo mbili. Programu inampa alama kwa haraka yake. Betri ikichoka anatafuta nyingine ya bei nafuu, au anampelekea fundi azibadilishe seli zilizokufa kwa seli zilizotolewa kwenye betri nyingine. Usiku betri inalala naye. Anaishi na wenzake katika chumba kilichogawanywa, na soketi iliyo wazi iko karibu na mlango. Betri ikiwaka, mlango ndio unaowaka kwanza.

Idara ya Zimamoto ya New York ilihesabu moto 30 uliotokana na betri hizi mwaka 2019, bila kifo. Mwaka 2021 ulikuwa 104 na vifo 4. Mwaka 2023 ulikuwa 268, na vifo 18. Juni 20 mwaka huo, duka la kutengeneza baiskeli za umeme lililokuwa chini ya jengo la ghorofa huko Chinatown liliwaka usiku na watu wanne waliokuwa wamelala juu yake wakafa. Hawakuwa na baiskeli dukani.

Sheria ilikuwa imekwisha kusainiwa miezi mitatu kabla, Machi 20, ila ilipewa miezi sita ya kungoja. Tangu Septemba 16, 2023 ni marufuku kuuza, kukodisha au kupangisha katika jiji hilo baiskeli ya umeme, skuta au betri isiyothibitishwa na maabara inayotambulika: UL 2849 kwa baiskeli, 2272 kwa skuta, 2271 kwa betri. Sheria nyingine ya kifurushi hichohicho ikapiga marufuku betri zilizoundwa kwa seli za zamani. Mwaka 2024 moto haukupungua, ulifika 277, lakini vifo vilishuka hadi 6.

Wapelekaji wenyewe, kupitia umoja wao wa Los Deliveristas Unidos, hawakupinga usalama. Nani angepinga kutoungua? Waliuliza swali ambalo maabara haina mashine ya kulipima. Baiskeli iliyothibitishwa ni ghali zaidi. Programu haimnunulii mtu baiskeli. Basi nani anaingia gharama kati ya chombo cha hatari nilichonacho na chombo salama nisichokimudu? Jiji baadaye liliweka mpango wa kubadilishana baiskeli mbovu kwa nzima, uliowafikia wachache. Merrill alianza na fedha za bima kwa sababu wenye majengo walikuwa na bima. Aliyelala karibu na soketi hakuwa nayo, na hapakuwa na kampuni iliyokuwa inapata hasara kwa kifo chake.

*

Haya yote yanatuhusu, kwa sababu vyombo hivi tayari viko kwetu. Mwaka 2019 kampuni ya Ampersand ilianza kuwapa madereva wa Kigali pikipiki za umeme. Nairobi kuna Roam na wengine. Tangu Januari 2025, pikipiki mpya inayosajiliwa kubeba abiria Kigali lazima iwe ya umeme.

Katika jambo moja tuliwatangulia New York. Dereva wa Kigali hamiliki betri wala haendi nayo nyumbani. Ikipungua anaingia kituoni, anaacha iliyochoka, anachukua iliyojaa, anaondoka. Mpango huo ulibuniwa kwa ajili ya bei na muda: betri ndiyo sehemu ghali, na dereva hawezi kukaa saa kadhaa akingoja chaji huku abiria wakimpita. Lakini faida yake nyingine ni kubwa. Betri inachajiwa mbele ya watu wanaoijua, kwenye kabati inayopima joto la kila moja, mbali na kitanda cha mtu. Kila inaporudi kituoni inaulizwa maswali upya. Mwaka 2024 New York ilianza kujaribu vituo vya umma vya namna hiyo kwa wapelekaji wapatao mia moja.

Katika jambo jingine bado. Katika masoko yetu kuna mafundi wanaofungua betri za kompyuta mpakato zilizotupwa, wanachagua seli zinazoshika chaji, na kuziunga upya ziwashe taa, redio, au baiskeli. Ni kazi ya akili na inalisha familia. Kifaa chao ni kipima volti cha bei ndogo. Kipima volti kitakuambia seli ina umeme kiasi gani leo. Hakitakuambia kama kinyweleo kimeshaanza kuota ndani, au utando umechakaa, au seli mbili ulizoziunga zinatofautiana kiasi gani zikipakuliwa kwa nguvu. Kwa hilo inatakiwa mashine inayochaji na kumaliza seli mara nyingi huku ikiandika kila badiliko la joto na umeme, na chumba ambamo ikiwaka haiui mtu. New York walimaliza tatizo hilo kwa marufuku. Kwetu marufuku ingekuwa rahisi kuiandika kuliko kumpa fundi mahali pa kupimia.

Halafu kuna suala la uzito. Bodaboda yenyewe ilianza kama baiskeli, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ikivusha watu kutoka kituo kimoja cha forodha hadi kingine. Jina lake ni mwito wa mpakani. Tangu siku hizo chombo chetu cha magurudumu mawili hakijawahi kuwa cha mtu mmoja aliyekaa barabara kwenye tandiko. Hubeba mkungu wa matoke kila upande. Hubeba gunia la mkaa, kreti za soda, kitanda, jeneza. Hubeba mama aliyejifungua na mtoto wake. Tanzania, watu watatu wakipanda pikipiki moja wanaitwa mshikaki, na kila mtu anacheka kwa sababu kila mtu ameshawahi kuwa kipande cha nyama katikati.

Fremu iliyokanyagwa mara 100,000 kwa nyutoni 1,000 imejibu vizuri swali iliyoulizwa. Haikuulizwa kuhusu mshikaki. Betri iliyomwagiwa maji ya bomba kutoka pande zote haikuulizwa kuhusu barabara ya udongo mwekundu wakati wa masika, pale maji yanapofika kwenye ekseli. Hakuna aliyedanganya. Swali halikuwepo kwa sababu waliokuwa chumbani siku ya kuandika walikuwa na mtu mwingine akilini.

Kuna atakayesema mshikaki ni kosa la kisheria, na kiwango hakiandikwi kwa ajili ya wavunja sheria. Lakini njia ya vipande vya mbao ya mwaka 1976 haikuwekwa kwa sababu barabara za Marekani zina mbao. Iliwekwa kwa sababu watu hupita mahali pabaya, na waandishi walikubali hivyo. Mota ya hovabodi inashikwa isizunguke kwa sababu watoto huzishika. Kanuni nzuri imekuwa siku zote orodha ya mambo ambayo watu hufanya kweli, hata yale ambayo maelekezo yanakataza.

Kuandika jaribio la namna hiyo hakuhitaji uvumbuzi wa Nobel. Kunahitaji mtu akae stendi ya bodaboda wiki kadhaa na mizani, aandike nini kinapakiwa na kina uzito gani, ahesabu mashimo, apime joto la betri saa nane mchana ikiwa juani. Kisha apeleke namba hizo mahali penye meza ya mtetemo na bastola za hewa, na namba hizo ziingie kwenye kitabu zikiwa za mviringo au zenye nukta. Vijana wanaosoma uhandisi Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Kigali wanaweza kuifanya kazi hiyo kama mradi wa mwaka wa mwisho, na mashirika ya viwango ya nchi zetu yapo ya kuupokea.

Mpaka hapo, upimaji unaendelea kama kawaida. Jioni hii, kwenye mlima wowote wa mji wowote wa ukanda huu, kuna pikipiki inapanda ikiwa na watu watatu na mzigo, mota imepata moto, na dereva anasikiliza mlio wake kwa makini kuliko chombo chochote cha maabara. Anajua ikibadilisha sauti afanye nini. Anachokipata kwenye jaribio hilo anakiweka kichwani mwake, na pikipiki ikimshinda, matokeo yake hayaandikwi popote.